SOMO: Kusali na kusoma Neno kila siku bila kukatia njiani

Wapendwa, swali hili nimelijibu kwa meseji mpaka vidole vinauma. Naliweka hapa.

1. Chagua muda mmoja. Wangu ni saa kumi na moja alfajiri.
2. Chagua sehemu moja. Kiti au mkeka, basi.
3. Simu ilale chumba kingine.
4. Anza na kidogo. Hapa ndipo nilipoanguka. Julai ya mwaka juzi, na baridi yetu hii ya Dodoma, nilijipangia sura kumi na saa nzima ya maombi. Siku ya tisa mtoto akaugua, nikakosa. Kesho yake nikajitwisha sura ishirini nilipe deni, keshokutwa thelathini. Mwisho nikawa naipita Biblia mezani kama mdaiwa anavyozunguka njia ya nyuma asionekane dukani kwa Mangi. Wiki tano sikusali. Kwa hiyo USILIPE DENI. Ukikosa Jumanne, Jumatano soma ya Jumatano. Sura moja inatosha: Marko ina 16, Mithali 31, moja kwa kila tarehe.
5. Andika mstari mmoja daftarini.

MASWALI

– Mkuu, nianze na sura ngapi?
– Hatua ya 4. Rudi usome.

– Kwa hiyo wanaokesha wanakosea?
– Sijasema hivyo, na mimi hukesha. Mkesha ni usiku mmoja. Hapa naongelea Jumatatu mpaka Jumatatu.

– Mimi ni muuguzi, nikiwa zamu ya usiku natoka asubuhi nimechoka hoi. Alfajiri siiwezi.
– Dada, asante kwa kuuliza. Alfajiri si sheria. Danieli alisali mara tatu kwa siku. Wewe ifunge sala kwenye kuvua sare: ukishaivua, kabla ya kula, unasali. Zamu ikibadilika, sare bado utaivua. Siku mwili umegoma kabisa, Zaburi 117 ina mistari miwili tu.

– Mimi Muislamu, niko Nkuhungu. Mtume (s.a.w.) alisema amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Kila baada ya sala ya Alfajiri nasoma ukurasa mmoja. Msahafu wangu una kurasa 604.
– Ndugu yangu, umenijenga. Baada ya kusoma unakaa kimya kidogo au unaondoka?
– Nakaa mpaka jua litoke.
– Nitajaribu kesho.

– Umeme ukikatika je?
– Taa ndogo ya sola. Ianike dirishani mchana, jua la hapa linaijaza. Tochi ya simu usiitumie, utajikuta unasoma meseji.