Mapumziko ya bandarini: kurekebisha D&D kwa kampeni ya jahazi

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, toleo la 5 (2014), limepimwa kwa siku yenye hatari 6 hadi 8 (mapambano na vikwazo), mapumziko mafupi mawili katikati, kisha usingizi, yaani pumziko refu. Kwenye kampeni (hadithi ndefu ya vikao vingi) ya baharini haiendi hivyo. Maharamia wanatokea mara moja kwa siku tatu, na mchawi wa kiwango cha 5 anamaliza nafasi zake zote 9 za uchawi (kila nafasi ni kutupa uchawi mara moja) kwenye pambano hilo moja, kwa sababu akilala kwa muda wa saa 8 zinarudi. Mpiganaji, asiye na nafasi hizo, anabaki kutazama.

Usiongeze nguvu za maadui, badilisha mapumziko. Mwongozo wa mwendesha mchezo una kanuni ya hiari: pumziko fupi liwe la muda wa saa 8, refu la siku 7. Ongeza sharti kwamba refu hupatikana bandarini tu. Hatari zibaki 6 hadi 8, ila sasa zihesabiwe kati ya bandari na bandari. Wengi huharibu hapa: wanaweka pambano kila siku kama zamani, na kundi linakufa kabla ya kuona nchi kavu.

Kisha rekebisha muda wa uchawi, la sivyo mchawi ataonewa. Wa saa 1 uwe saa 8. Wa saa 8, kama ule wa deraya ya uchawi, uwe siku 7. Wa saa 24 uwe siku 21. Wa dakika 10 kushuka chini usiuguse, ni wa vitani. Vifaa vinavyojijaza alfajiri vijijaze mwisho wa pumziko refu, maana fimbo moja inayojijaza kila siku inabomoa mpango wote.

Sasa pumziko liwe na gharama. Kutoka Maskati kwenda Kilwa jahazi linategemea kaskazi, takriban Desemba hadi Machi. Chora visanduku 16, kila kimoja wiki moja, ukate kimoja kwa kila wiki ya safari au ya pumziko. Vikiisha kabla ya kufika, upepo umegeuka: kusi imeingia, na chombo kinakwama bandarini kilipo mpaka kaskazi irudi, huku shehena ikioza na mdai akisubiri.

Karatasi hiyo ikae wazi mezani. Ukiificha, wachezaji watapumzika bila kujua wanalipa nini, na watakapolalamika watakuwa na haki.