Namna ya kuwauliza wapigakura itikadi yao bila kupotezwa na jina la itikadi

Mzee mmoja wa Uru, mwenye kihamba cha migomba na kahawa, aliulizwa na mwanafunzi wangu swali la kwanza la dodoso letu: kiitikadi, yeye anajiona ni nani? Alijibu bila kusita. “Mimi ni mjamaa, mwanangu. Azimio lilipotangazwa nilikuwa kijana, na matembezi nilitembea.” Dakika kumi baadaye alikuwa amekwisha kusema kwamba kahawa yake angependa kumuuzia yeyote mwenye bei nzuri, kwamba kijiji hakina mamlaka ya kugusa kihamba alichorithi kwa baba yake, kwamba shule ya kulipia ndiyo iliyomtoa mjukuu wake, na kwamba mbolea ya ruzuku iendelee lakini isipitie mikononi mwa kamati yoyote. Mwanafunzi akaandika neno moja pembezoni mwa fomu: “anajichanganya”.

Fomu hiyo ninayo hadi leo. Nafundisha somo la uraia katika shule ya sekondari hapa Moshi, na mwongozo huu nimewaandikia walimu wenzangu, watangazaji wa redio za jamii na vikundi vya vijana wanaotaka kujua wapigakura wa eneo lao wanasimamia nini. Kosa la neno lile halikuwa la mzee wala la mwanafunzi, bali langu mimi niliyepanga maswali, kwa kuwa nilidhani jina ambalo mtu anajipa na mambo anayotaka yafanyike ni kitu kimoja kilichoulizwa mara mbili.

Kabla ya kuandika swali lolote, lielewe jambo hili vizuri, maana limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1967, mwaka uleule ambao Azimio la Arusha lilitangazwa, watafiti wawili wa Marekani, Lloyd Free na Hadley Cantril, walichapisha matokeo ya kura za maoni zilizofanywa mwaka 1964. Walipowauliza Wamarekani kwa lugha ya kanuni za jumla, kama vile serikali kuingilia maisha ya watu, karibu nusu yao walisimama upande wa wahafidhina, wanaotaka serikali ijizuie. Walipowauliza juu ya mambo mahususi, kama vile serikali kusaidia elimu, matibabu ya wazee na ajira, karibu theluthi mbili walisimama upande wa pili, ule wa waliberali wanaotaka serikali ifanye zaidi. Watafiti waliofuata, hasa Christopher Ellis na James Stimson, walieleza kwamba kundi kubwa la wanaojiita wahafidhina huku wakitaka huduma zaidi za serikali halikosi akili. Neno “mhafidhina” kwao linatoka kanisani, katika malezi ya watoto na katika namna ya kuishi kwa staha, na wanapoulizwa swali la siasa hujibu kwa neno hilohilo wanalolipenda.

Sisi tunao mfano wetu, tena wa taifa zima. Mwaka 1991 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchini kuwauliza wananchi kama wanataka mfumo wa chama kimoja uendelee au vyama vingi virudi, na takriban asilimia 77 walisema chama kimoja kiendelee. Lakini wengi wa hao waliotaka chama kimoja waliorodhesha mageuzi makubwa ambayo wangependa kuyaona ndani ya mfumo huo. Tume haikuishia kwenye jina. Ilisoma pia yaliyofuata baada ya jina, ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992. Mtu anaweza kubishana na uamuzi wenyewe, lakini namna ile ya kusoma majibu ndiyo ninayotaka uichukue.

Sasa tuingie kazini, na tuanze na maneno, kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi hizi huharibika. Dodoso la kigeni litakwambia umwonyeshe mtu mstari wenye namba, kushoto hadi kulia, aseme amesimama wapi. Usifanye hivyo. Mgawanyo wa mrengo wa kushoto na wa kulia ulitokana na mahali walipoketi wajumbe wa bunge la Ufaransa mwaka 1789, na kwa msomaji wa magazeti unaeleweka, lakini kwa mtu wa kawaida sokoni Mbuyuni mkono wa kulia ndio wa kulia chakula na kumpa mgeni kitu, na wa kushoto haunyooshwi mbele ya mkubwa. Ukimuuliza mama muuza ndizi kama yuko kushoto au kulia, umemuuliza adabu yake, naye atajibu ipasavyo. Maneno “mhafidhina” na “mliberali” yaache nyumbani vilevile.

Majina ambayo watu wa huku wanajipa kweli ni machache, na njia ya kuyapata ni kukaa na watu watano au sita wa rika na kazi mbalimbali, kisha kuwasikiliza kabla dodoso halijaandikwa. Sisi tulisikia “mjamaa”, “mtu wa Mwalimu”, “mfanyabiashara”, “mtu wa maendeleo”, “mtu wa mila”, “mpenda mabadiliko”, na “mimi siasa sina”. Hilo la mwisho lipe nafasi yake kwenye fomu, wala usilihesabu kama swali lililokosa jibu, kwa maana wengi wanaosema hawana siasa wana msimamo mkali kuhusu maji, ada na bei ya mafuta kuliko wanaojiita kwa majina makubwa. Mtu akishataja jina lake, mwongezee swali moja la wazi: “Ukisema hivyo, unamaanisha nini hasa?” Andika maneno yake kama alivyoyatamka, bila kuyasafisha.

Swali hilo moja ndilo lililonifungua macho kuhusu neno “ujamaa”. Katika mkoa huu ushirika ni mkongwe kuliko ujamaa, kwani chama kikuu cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, na ilikuwa serikali ileile ya ujamaa iliyovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikaja kuvirudisha miaka ya 1980. Kwa mtu mmoja, basi, ujamaa ni kupima kahawa kwenye chama cha msingi. Kwa mwingine ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo, yaani mfereji wa maji wa asili. Kwa wa tatu, aliyekulia mkoa mwingine, ni kuhamishwa kwa Operesheni Vijiji na nyumba iliyoachwa nyuma. Hata Katiba yetu bado inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi ya kijamaa, huku mwananchi akiwa amezungukwa na soko huria, kwa hiyo usishangae mtu akilitumia neno hilo kwa fahari bila kudai chochote kutoka kwalo. Mzee wa Uru alipoulizwa upya, alisema ujamaa ni “kutomwacha jirani akalala njaa”. Hakuna lolote katika majibu yake mengine lililopingana na hilo.

Baada ya maneno, mpangilio. Uliza mambo kwanza, jina mwisho. Sisi tulianza na jina, na nilipopitia fomu niliona watu kadhaa wakijirekebisha katikati ya mahojiano, mmoja akisema, “Aa, kwa kuwa nimeshasema mimi mjamaa, basi weka nakubali.” Mtu akishajitangaza huanza kulinda tangazo lake.

Kila swali la sera lihusu jambo moja ambalo mtu ameliona kwa macho. “Je, serikali iingilie uchumi?” si swali la kumuuliza mtu. Uliza juu ya bei ya petroli, ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza ukomo wake kila Jumatano ya kwanza ya mwezi: iendelee kuwekewa ukomo, au kila kituo kijipangie? Uliza juu ya elimu bila ada, juu ya mnunuzi binafsi kuruhusiwa kununua kahawa moja kwa moja kwa mkulima, juu ya bima ya afya kuwa lazima kwa wote. Kwenye ardhi kuwa mwangalifu zaidi. Swali la “ardhi iwe mali ya umma au ya mtu binafsi” litakupa majibu yasiyosomeka, kwa sababu kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, ilhali mwenye kihamba anajua moyoni kwamba ni chake. Ukienda upande wa Arusha, kwa wafugaji wa Monduli, swali lenyewe hugeuka: huko uliza kama malisho yagawiwe kwa kaya au yabaki ya kijiji kizima, na huenda ukamkuta anayejiita mtu wa mila, ambaye neno “ujamaa” hana haja nalo, akitetea umiliki wa pamoja kuliko wajamaa wote wa Kibosho.

Watu wetu wana heshima kwa mgeni, na heshima hiyo huharibu takwimu: ukisoma kauli moja na kuuliza “unakubali?”, wengi watakubali ili usione haya. Tumia kauli mbili zenye uzito sawa, kama wafanyavyo Afrobarometer, watafiti wa maoni ya wananchi barani Afrika, kisha muulize ipi iko karibu zaidi na maoni yake. Kwa mfano: “Wengine wanasema serikali igharamie matibabu ya wote hata kama kodi itapanda. Wengine wanasema kila familia ijigharamie ili kodi isipande.” Zingatia kwamba gharama imetajwa ndani ya kauli zenyewe. Huduma ya bure isiyotajwa bei hupendwa na kila mtu, na jibu lake halikufundishi kitu.

Kama una fomu za kutosha, fanya jaribio dogo la maneno. Nusu ya fomu ziulize kama serikali itumie fedha zaidi kwa “TASAF” (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini), nusu nyingine ziulize kuhusu “kusaidia wazee na kaya zisizojiweza”, kisha uzigawe bila kuchagua nani apate ipi. Huko Marekani jaribio la namna hii limerudiwa tangu miaka ya 1980, na msaada unaoitwa kwa jina lake la kiserikali hupata waungaji mkono wachache sana kuliko “msaada kwa maskini”. Sisi nasi tuliona mwaka 2021 namna makato ya miamala ya simu yalivyopewa jina la tozo ya mshikamano, na jinsi ambavyo neno “tozo” peke yake lilitosha kuwasha mjadala kwenye daladala nzima.

Kuhusu kwenda nyumba kwa nyumba sitasema mengi. Jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji ukiwa na barua ya shule. Usisimame stendi pekee, kwa maana utapata wanaume wasafiri tu. Ruka nyumba kwa idadi iliyopangwa, na omba kuzungumza na mwanamke na mwanamume kwa zamu. Mwanafunzi aanze na shikamoo, aketi anapoelekezwa, aseme wazi kwamba jina haliandikwi. Chama cha mtu usikiulize kabisa. Hukihitaji, na ukikiuliza, majibu yote yaliyobaki yatakuwa ya kukulenga wewe.

Fomu zikirudi, chora jedwali: majina ya itikadi yashuke upande mmoja, maswali ya sera yapite juu, na kwenye kila kisanduku uandike idadi ya watu kwa kila jibu. Kishawishi kitakuwa kujumlisha majibu ya sera yote yawe alama moja, kisha kutangaza nani ni “mjamaa wa kweli”. Jizuie. Mtu anayetaka ukomo wa bei ya petroli na soko huria la kahawa ana hoja nzuri kabisa: petroli anainunua, kahawa anaiuza. Soma kila safu peke yake, kisha angalia ni swali gani linalowatenganisha wenye majina tofauti na ni lipi lisilowatenganisha hata kidogo. Kwetu jina lilitenganisha watu kwenye maswali yanayogusa historia, kama vile miiko ya viongozi, lakini kwenye maji, barabara na ada halikutusaidia kumtabiri mtu yeyote. Fomu zetu zilikuwa chache na za kata moja, kwa hiyo sisemi kwamba mkoa mzima uko hivyo.

Pembezoni mwa fomu mpya nimeacha nafasi pana, na juu yake pameandikwa: “Alieleza sababu gani?” Mwanafunzi anayekuta majibu mawili yasiyofanana anatakiwa amuulize mhojiwa hapohapo, kwa sauti ya kutaka kujifunza, na kuandika sababu hiyo neno kwa neno kabla hajafunga daftari na kuaga.