Jinsi ya kubishana kuhusu pesa na makocha wa wapinzani ukiwa na hesabu mkononi

Ubishi wa Ligi Kuu ya Uingereza siku hizi hauishii kwenye mabao. Mmoja atasema Chelsea wananunua kila anayepumua, mwingine atasema Manchester City wamebebwa na pesa, wa tatu atasema kocha wa United hafai hata kwa dawa. Baadhi ya maneno hayo yana ukweli na mengine hayana miguu. Tofauti utaijua kwa kuangalia namba chache ambazo ziko wazi kwa yeyote mwenye simu na nusu saa.

Anza na mishahara

Kosa la kwanza la mashabiki wengi ni kuchukua orodha ya ada za usajili, kutoa mauzo, kisha kutangaza kwamba aliyetumia nyingi zaidi "kanunua ubingwa". Namba hiyo ni dhaifu. Ukiangalia misimu kadhaa kwa pamoja, nafasi kwenye msimamo hufuatana na jumla ya mishahara kuliko ada za usajili. Sababu ni rahisi: mishahara inamgusa kila mchezaji aliyepo, awe amenunuliwa, amekuja bure au amelelewa kwenye akademi. Mchezaji aliyekuja bure baada ya mkataba wake kuisha huonekana sifuri kwenye orodha ya usajili, ilhali mshahara wake na donge alilopewa siku ya kusaini vinaweza kumzidi aliyenunuliwa kwa milioni 40.

Hesabu za klabu za Uingereza zinapatikana bure kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza, ambako kila kampuni hulazimika kuziwasilisha. Tafuta kwa jina la kisheria, si jina la uwanjani: Arsenal Holdings Limited, Chelsea FC Holdings Limited, na kwa Liverpool ni The Liverpool Football Club and Athletic Grounds Limited. Manchester United iko kwenye soko la hisa la New York tangu 2012, kwa hiyo hutoa taarifa zake kila robo mwaka.

Ukifungua faili, usikimbilie faida na hasara. Soma kwanza ukurasa wa mbele: mwaka wa hesabu umeishia lini na una miezi mingapi? Arsenal na Liverpool hufunga Mei 31, wengi wengine Juni 30, na mara moja moja klabu hubadilisha tarehe ikatoa hesabu za miezi 11 au 13. Ukilinganisha miezi 13 na 12 umeshakosea kabla ya kuanza. Kisha nenda kwenye maelezo ya nyuma, kwenye gharama za wafanyakazi. Chukua jumla hiyo uigawe kwa mapato ya mwaka, na mauzo ya wachezaji usiyahesabu kama mapato. Hapo utaona klabu inakula asilimia ngapi ya inachoingiza.

Mambo matatu huharibu hesabu hii. Gharama hizo ni za wafanyakazi wote, wakiwemo wa ofisini na wa uwanjani siku ya mechi, kwa hiyo usiseme ni za wachezaji peke yao. Pili, mwaka wa kombe au wa kufuzu Ligi ya Mabingwa hupandisha bonasi, kwa hiyo chukua wastani wa miaka mitatu. Tatu ni kuchelewa: kampuni isiyo ya umma ina miezi tisa ya kuwasilisha hesabu zake, na ndiyo maana msimu ulioisha Mei mara nyingi husomeka Februari au Machi ya mwaka unaofuata. Mtu akikutajia mwezi wa kumi "mishahara yao ya msimu huu", anakisia. Vivyo hivyo tovuti zinazoorodhesha mshahara wa wiki wa kila mchezaji: hayo ni makadirio, na hayafai kuwa msingi wa hoja.

Bei ya mchezaji inavyoingia vitabuni

Hapa ndipo ubishi mwingi hupotea njia, kwa hiyo tulia kidogo. Klabu ikimnunua mchezaji kwa pauni milioni 80 kwa mkataba wa miaka mitano, vitabu haviandiki gharama ya milioni 80 mwaka huo. Vinaandika milioni 16 kila mwaka. Baada ya miaka miwili thamani yake vitabuni imebaki milioni 48. Akiuzwa kwa 50, mashabiki watalia hasara ya 30, lakini vitabu vinaonyesha faida ya milioni 2. Akiongezewa mkataba badala ya kuuzwa, ile 48 inagawanywa upya kwa miaka iliyobaki. Ikiwa mitano, mgawo unashuka hadi milioni 9.6 kwa mwaka. Kwa hiyo mkataba mpya ambao shabiki anauona ni wa heshima tu unaweza kuwa umempunguzia mhasibu mzigo wa zaidi ya milioni 6 kila mwaka.

Hii ndiyo siri ya mikataba mirefu ya Chelsea. Enzo Fernández alisajiliwa Januari 2023 kwa takriban pauni milioni 106.8 kwa mkataba wa miaka minane na nusu. Gawanya, utapata kama milioni 12.6 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ingekuwa milioni 21.4. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliweka kikomo cha miaka mitano kwa mgawo huo katika majira ya joto ya 2023, na klabu za Ligi Kuu zikapiga kura kufanya hivyo Desemba mwaka huohuo. Mkataba wenyewe unaweza kuwa wa miaka minane hata leo. Kilichofungwa ni kuigawa ada kwa zaidi ya miaka mitano. Na kikomo hakikurudi nyuma kugusa mikataba ya zamani.

Upande wa pili ni mchezaji wa akademi. Yeye hakununuliwa, thamani yake vitabuni ni sifuri, hivyo akiuzwa karibu pesa yote ni faida. Mason Mount alipokwenda United mwaka 2023 kwa ada ya msingi ya pauni milioni 55, Chelsea iliandika karibu yote kama faida ya mwaka huo. Ndiyo maana klabu zinauza watoto wa nyumbani ambao mashabiki wanawapenda kuliko wote. Inauma, na kwa maoni yetu ni kasoro kubwa ya kanuni za kudhibiti hasara za klabu: zinailipa klabu kwa kumtoa mtu ambaye shabiki alimuona akikua.

Sasa angalia tarehe. Klabu nyingi zikifunga hesabu Juni 30, wiki ya mwisho ya mwezi huo huwa na mauzo ya ajabu. Mwishoni mwa Juni 2024 Newcastle iliwauza Elliot Anderson kwenda Nottingham Forest na Yankuba Minteh kwenda Brighton. Kipindi hichohicho Tim Iroegbunam alitoka Aston Villa kwenda Everton, huku Lewis Dobbin akitoka Everton kwenda Villa. Tuseme klabu mbili zinauziana vijana wa akademi kwa milioni 10 kila mmoja, mikataba ya miaka mitano: kila klabu inaandika faida ya milioni 10 leo na gharama ya milioni 2 tu kwa mwaka. Ukiona wachezaji wawili wasiocheza sana wanapishana njiani mwezi wa sita, anza kuangalia kalenda kabla ya kuuliza kocha amewaona wapi.

Usisahau pia kwamba faida ya vitabuni si pesa taslimu. Ada hulipwa kwa awamu. Kwenye maelezo ya hesabu kuna mahali panapotaja klabu inadaiwa kiasi gani na klabu nyingine kwa ajili ya usajili. Na mbele kidogo, kwenye matukio yaliyotokea baada ya tarehe ya kufunga hesabu, utakuta jumla ya usajili na mauzo yaliyofanyika baadaye. Aya hiyo ni fupi, watu huiruka, lakini imethibitishwa na klabu yenyewe, jambo ambalo huwezi kulisema kwa bei za magazetini zinazochanganya ada ya msingi na nyongeza ambazo huenda zisilipwe kamwe.

Kabla hujasema "wamevunja sheria"

Uliza sheria ya nani. Ligi Kuu, kwa kanuni iliyojulikana kama PSR, iliruhusu hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, na hapo ilikuwa kama wamiliki wanaifidia kwa mtaji wao. Bila hivyo kikomo kilikuwa milioni 15. Gharama za akademi, soka la wanawake, miundombinu na kazi za jamii zilitolewa kwanza. Kwa hiyo klabu yenye hasara ya milioni 150 vitabuni iliweza kuwa salama kabisa. Klabu iliyopanda daraja ilikuwa na nafasi ndogo zaidi: kila msimu wa daraja la pili ulihesabiwa milioni 13 badala ya 35. Nottingham Forest ilikuwa na kikomo cha milioni 61 kwa sababu hiyo, ikakizidi kwa 34.5, ikakatwa pointi 4 Machi 2024. Utetezi wake ulihusu Brennan Johnson, aliyeuzwa Tottenham siku ya mwisho ya dirisha, Septemba 2023, kwa bei nzuri kuliko ambayo ingepatikana Juni. Tume huru iliyosikiliza kesi haikukubali, kwa sababu hesabu zilikuwa zimeshafungwa. Everton ilizidi kwa 19.5, ikakatwa pointi 10 Novemba 2023, zikapunguzwa hadi 6 kwa rufaa, kisha ikakatwa 2 nyingine Aprili 2024 kwa kipindi tofauti.

Kuanzia msimu wa 2026/27 Ligi Kuu inahamia kwenye kupima gharama za kikosi dhidi ya mapato, kikomo kikiwa asilimia 85. UEFA yenyewe inatumia asilimia 70 kwa klabu zilizo kwenye mashindano yake. Tofauti hii si ndogo. Chelsea iliuza hoteli mbili kwa kampuni nyingine ya wamiliki walewale kwa pauni milioni 76.5, na Ligi Kuu ikazikubali kwenye hesabu. UEFA haihesabu mauzo ya aina hiyo, na Julai 2025 klabu ikatozwa faini ya yuro milioni 31. Anayesema ni halali na anayesema si halali wanaweza wote kuwa sahihi, kila mmoja na mamlaka yake.

Kuhusu Manchester City, chunga maneno. Februari 2023 Ligi Kuu iliishtaki kwa zaidi ya makosa 100. Kabla ya hapo UEFA iliifungia isicheze mashindano yake kwa miaka miwili, na Julai 2020 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaifuta adhabu hiyo, ikabaki faini ya yuro milioni 10. Kushtakiwa, kukutwa na hatia na kufutiwa adhabu ni mambo matatu. Kabla ya kuandika neno "wezi", angalia kesi imefikia wapi siku hiyo.

Kumpima kocha

Panga klabu kwa mishahara, kisha panga kwa msimamo. Kocha wa klabu ya 12 kwa mishahara aliyemaliza wa 8 amefanya kazi, hata kama mpira wake haukufurahishi. Wa klabu ya tatu aliyemaliza wa 8 ana maswali ya kujibu.

Halafu chukua angalau mechi 10, na tazama alicheza na nani na wapi. Linganisha na mechi zilezile za msimu uliopita: ugenini kwa Arsenal dhidi ya ugenini kwa Arsenal. Angalia tofauti ya mabao yanayotarajiwa kutokana na ubora wa nafasi zilizotengenezwa, ile xG, lakini ondoa penalti, kwa sababu penalti moja huhesabiwa kama 0.76 hadi 0.79 na inaweza kuificha mechi nzima ambayo timu haikutengeneza chochote. Ondoa pia dakika zilizochezwa baada ya kadi nyekundu, kama unaweza.

Kosa kubwa hapa ni kumsifu kocha mpya kwa mechi tano. Makocha hufukuzwa timu ikiwa chini kuliko uwezo wake: mipira inagonga mwamba, kipa anakosea, majeruhi wamejaa. Mambo hayo hurudi kwenye wastani hata asingefukuzwa mtu. Subiri.

Kosa la upande wa pili ni kutumia jina la Mikel Arteta wa Arsenal kumtetea kila kocha anayefungwa. Kweli Arsenal ilimaliza ya 8 misimu miwili mfululizo, 2019/20 na 2020/21, kisha ya 5, kisha ya pili mara tatu. Lakini dalili zilikuwepo kabla ya matokeo: usajili mkubwa wa majira ya joto ya 2021, wakina Ødegaard, White na Ramsdale, ulikuwa wa wachezaji sita wasiozidi miaka 23, na wenye mishahara mikubwa kama Özil na Aubameyang waliondoka ndani ya mwaka mmoja na kidogo. Ukitaka kumuombea kocha muda, onyesha dalili kama hizo. Kombe peke yake halitoshi: Tottenham ilichukua Europa League Mei 2025 ikiwa ya 17 kwenye ligi, na Ange Postecoglou akaondolewa mwezi uliofuata.

Mwisho, weka gharama ya kumtimua kwenye hesabu. United ilimuongezea Erik ten Hag mkataba Julai 2024 na kumfukuza Oktoba. Kuondoka kwake na wasaidizi wake, pamoja na mkurugenzi wa michezo Dan Ashworth, kuligharimu pauni milioni 14.5, na Sporting ya Ureno ikalipwa yuro milioni 11 ili kumwachia kocha wake, Ruben Amorim. Malipo ya kumwondoa kocha huingia yote kwenye hesabu za mwaka mmoja. Kwa hiyo ukidai kocha afukuzwe leo, angalia amebakiza miaka mingapi ya mkataba, wasaidizi aliokuja nao ni wangapi, na klabu ya unayemtaka itadai ilipwe kiasi gani ili imwachie.