Gia 4, 6, 8 au 10? Jinsi ya kupima giaboksi ya oto kabla hujatoa hela

Wapenda magari wakikaa sehemu moja lazima huu ubishi utokee, mmoja anakwambia BMW yake ina gia 8, mwingine anamkata hapo hapo kwamba Land Cruiser 300 ina 10, na mwenye Toyota IST yuko pembeni anakula mishkaki yake kimya maana ana 4 na hana pa kuanzia. Niseme upande wangu mapema tusizungushane: idadi ya gia peke yake haikwambii kama gari ni nzuri, na kwa barabara zetu kuanzia 6 kwenda juu faida inapungua haraka sana. Ila ukitaka kununua gari ya oto lazima ujue unachukua giaboksi ya aina gani na unaipimaje, sio unaangalia rimu na skrini kubwa halafu unatoa hela.

Namba zenyewe kwanza

GM (General Motors wa Marekani) walitoa giaboksi ya oto ya Hydra-Matic mwaka 1939 kwenye Oldsmobile za 1940, na ilikuwa na gia 4. IST imetoka 2002, gia 4. Miaka sitini na kitu namba ile ile na watu wamefika walikokuwa wanakwenda. Mbio zenyewe zimekuja kuchachamaa juzi juzi tu, ZF, Wajerumani wanaotengeneza giaboksi, wakaweka 6 kwenye BMW 7 Series ya 2001, Mercedes wakajibu na 7 mwaka 2003, Lexus LS 460 ikaja na 8 mwaka 2006, ZF tena wakatoa 9 iliyoingia kwenye Jeep Cherokee na Range Rover Evoque, kisha Ford na GM pamoja na uhasama wao wote wakashirikiana, na 10 ikaingia kwenye F-150 na Camaro ZL1 za 2017. Kilichowasukuma ni sheria za mafuta na moshi za Marekani na Ulaya, pamoja na injini kupunguzwa ukubwa na kuwekewa turbo.

Sasa hesabu kidogo, usikimbie. Kila gia ina uwiano wake, yaani injini izunguke mara ngapi ili shafti inayotoka kwenye giaboksi izunguke mara moja. U340E ya Toyota, ile ya gia 4 iliyoko kwenye Toyota ndogo nyingi za 1.5, gia ya kwanza ni 2.847 na ya mwisho ni 0.700, gawanya unapata kama 4.07, huo ndio upana wa giaboksi. ZF 8HP, ile ya gia 8 ya kwenye BMW, inaanzia 4.696 inaishia 0.667, gawanya unapata 7.04. Hapo tofauti unaiona kweli, gari inaondoka kwa nguvu halafu ikishika mwendo injini inalala kwenye resi ndogo (mizunguko yake kwa dakika). Haya, njoo kwenye 10 ya Ford, 10R80: 4.696 mpaka 0.636, unapata 7.38. Umeongezewa gia mbili nzima na upana umesogea kiduchu tu! Zilizoongezwa zimechomekwa katikati, basi.

Na kuchomeka katikati sio upuuzi, kuna kazi yake. Gia ya pili ya U340E ni 1.552, maana yake ukibadili kutoka ya kwanza injini ikiwa resi 5,000 inaanguka mpaka kama 2,700. Gia ya pili ya 8HP ni 3.130, resi 5,000 ile ile inaanguka mpaka 3,300 hivi, kwa hiyo injini inabaki pale pale inapovuta. Kwa injini ndogo ya turbo hii ni raha. Kwa injini kubwa yenye msuli tangu chini wala hutajua tofauti. Angalia Toyota wenyewe, Prado mpya ya 250 ya petroli 2.7 wameipa gia 6, ya dizeli 2.8 wameipa 8, na 10 wameiachia 300. Kwa hiyo mtu akikubishia kwamba 10 ni lazima kwa kila gari mwambie akabishane na Toyota.

Jinsi ya kujua gari ina gia ngapi kweli

Muuzaji atakwambia chochote, kwa hiyo jihakikishie mwenyewe. Toyota zina kibati chenye namba ya chesisi, kwenye injini au kwenye nguzo ya mlango, tafuta mstari wa giaboksi. Ikianza na U au A hiyo ni oto ya gia za kawaida, ikianza na K ni CVT. Hapa watu wanapigwa sana, kwa sababu CVT haina ngazi za gia, ina mkanda au mnyororo wa chuma na puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, lakini kompyuta inaigiza gia ili dereva asiboreke. Forester SJ ya turbo ukiiweka S# (modi yake ya spoti kali) inakuonyesha hatua 8. RAV4 ya 2.0 yenye CVT ya kisasa inakuonyesha 10, wakati gia ya kweli ni moja tu ya kuondokea. Mtu anakuuzia kwa kujisifu gari ina gia 10 kumbe ni mkanda. Sio kwamba CVT ni mbaya, ila oili yake ni nyingine na fundi wake ni mwingine.

Njia ya pili ni mshale wa resi. Injini ikishapata moto tafuta barabara tambarare, weka D, kanyaga mafuta kidogo na mguu usiutikise, halafu hesabu mshale unaanguka mara ngapi. Ukianguka mara tatu una gia 4. Lakini kuna mtego hapa, utaona mshale umeanguka mara ya nne, kidogo tu, labda resi 200 au 300, ukishafika kama 60 au 70. Hiyo sio gia ya tano, ni klachi ya ndani ya toki konveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, imejifunga ili oili isiteleze bure. Ili uhakikishe, mwendo ukiwa ule ule gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto huku wa kulia umeganda kwenye mafuta, mshale utapanda kidogo klachi ikijifungua na ukiachia utashuka tena, gia haijabadilika. (Fanya hivyo barabara ikiwa tupu nyuma yako, tafadhali.) Kwenye CVT mshale unapanda unaganda, gari ndio inakuja kuukuta. Na kwenye giaboksi za gia 8 mpaka 10 utaona mshale unatingishika tu, kuhesabu ni kazi, hapo tumia M (ya kubadili gia mwenyewe) uone namba kwenye dashibodi. Angalizo: Toyota nyingi zenye S kwenye leva ya gia, namba inayotokea ni kikomo. S4 maana yake gari itatumia gia mpaka ya 4, haina maana kwamba sasa hivi uko ya 4.

Pima na barabara yako, sio na barabara ya Ujerumani

Gia za mwisho kwenye hizi giaboksi zimewekwa kwa ajili ya mwendo mrefu wa kasi. Wamarekani wenye Cherokee ya gia 9 walilalamika sana kwamba ya tisa hawaioni hata kwenye barabara kuu, na wale wana barabara. Sisi huku Dar kwenda Morogoro kibao cha 50 kinaisha unaanza tuta, tuta linaisha unamkuta lori limebeba makontena, bado askari na tochi yake. Kwa hiyo ukifanya testi draivu fanya hivi: shika 80 bila kutingisha mguu, angalia uko gia ya ngapi na resi ngapi, kisha shika 100 uangalie tena. Ukikuta kwenye 80 gari bado haijafika gia za juu, jua hizo utakuwa unazilipia na kuzihudumia bila kuzitumia.

Foleni nayo ina mambo yake. Giaboksi ya gia nyingi ikiwa ya kistaarabu huisikii, ikiwa ya hovyo inahangaika, inapanda ya tatu inarudi ya pili, ukigusa mafuta inafikiria kwanza. Ipeleke kwenye foleni kwa makusudi, tembea ile ya kujivuta nyuma ya daladala, halafu kanyaga ghafla kama unataka kuovateki. Ikikaa sekunde nzima inawaza hiyo giaboksi utaichukia, hata kama ina gia 10.

Milimani usiiachie gari iamue peke yake. Kitonga, au Mai Mahiu kwa wenzetu wa Kenya, ukishuka weka M au S au L ushike gia ya chini, injini iishike gari na breki zipumzike. Kuna watu wanaweka nyutro waserereke eti wanaokoa mafuta, hiyo acha kabisa. Injini za sasa za injeksheni ukiachia mafuta huku gia imeshika sindano zinafungwa, hakuna mafuta yanayoingia. Ukiwa nyutro injini inakunywa ili isizime, na breki zako zinaungua. Hasara pande zote.

Testi yenyewe

Nenda asubuhi gari ikiwa ya baridi, na ukifika kitu cha kwanza weka mkono juu ya boneti. Ukikuta ya moto uliza kwa nini imewashwa kabla hujafika, maana giaboksi mbovu nyingi zinajificha zikishapata joto, na nyingine kinyume chake zinajificha zikiwa za baridi, kwa hiyo unataka kuziona hali zote mbili.

Washa, kanyaga breki, toa P weka R. Inatakiwa ishike ndani ya sekunde moja hivi, ikichelewa mpaka ukaanza kuangalia juu kuna tatizo la presha ya oili. Ikigonga ‘du’ mpaka kiti kinatikisika, inawezekana ni maunti za injini (mipira inayoishikilia) au ni giaboksi, fundi aangalie. R kwenda D vivyo hivyo. Barabarani sikiliza inapobadili gia kama resi inaruka juu kwanza halafu ndio gia inaingia, hapo klachi za ndani zinateleza, shukuru Mungu umeiona mapema uondoke. Kwenye mwendo wa 40 mpaka 70 kanyaga mafuta kidogo sana, gari ikitetemeka kama unapita juu ya rasta ndogo ndogo jua mara nyingi ni ile klachi ya toki konveta, au kwenye CVT ni mkanda unaanza kulalamika. Tafuta na kilima, kipande kwa reversi, CVT iliyochoka hapo ndio inaumbuka. Halafu endesha nusu saa nzima urudie yote ikiwa ya moto kweli.

Mashine ya kupimia nayo iwepo. Mwambie fundi aingie kwenye moduli (kompyuta) ya giaboksi yenyewe, wengi wanasoma injini tu wanakwambia gari safi. Ukikuta kumbukumbu zote za makosa zimefutwa jana usiku, wewe mwenyewe jiongeze.

Oili

Hapa ndipo magari yanapofia, gia ziwe 4 au 10. Lile neno kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha linatoka kwa wauza magari mapya, maisha yenyewe ni ya warranti. ZF wanaozitengeneza hizo 8HP wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na kwa joto letu na foleni zetu mimi ningewahi. Toyota za gia 4 za zamani zina stiki, unapima injini ikiwa inanguruma na oili ya moto, unafuta unachomeka unasoma, mtoto anaweza. 8HP haina stiki. Oili inapimwa kwa kufungua plagi pembeni injini ikiwa imewashwa na oili iko kati ya nyuzi 30 na 50, joto lisomwe na mashine sio kwa kushika na kidole, na filta yake imeunganishwa na sampo ya plastiki (bakuli la oili la chini) kwa hiyo vinabadilishwa vyote pamoja. Fundi akikwambia hiyo sampo ataiosha airudishe, mpe asante yake uondoke.

Na oili zikifanana rangi haina maana ni oili moja. Nissan za CVT zina NS-2 na NS-3, Toyota za CVT zina FE au TC, za gia za kawaida zina T-IV au WS. Ukimimina ATF (oili ya oto za gia) ya kawaida kwenye CVT mkanda unateleza kwenye puli na hapo umeshanunua giaboksi nyingine. Nunua oili mwenyewe, simama pale inavyomiminwa, chupa tupu ondoka nazo.

Kuhusu spea, uliza kabla ya kununua gari sio baada ya kuharibika. Kenya gari ikizidi miaka 8 haiingii, kwa hiyo wenzetu wamesukumwa kwenye CVT na gia nyingi watake wasitake. Bongo ya zamani bado inaingia ukikubali kulipia kodi ya uchakavu, ndio maana gia 4 bado zimejaa na giaboksi yake ya mtumba unaipata Gerezani pale Dar, inafungwa, unaondoka, maana kompyuta iko nje. 8HP kompyuta yake iko ndani ya giaboksi, imelowa kwenye oili, na inalifahamu gari ilikotoka. Ukifunga ya mtumba bila mtu wa kuiprogramu iendane na gari lako unaweza ukawasha injini vizuri kabisa na gari isitoke hapo ilipo. Kwa hiyo kabla hujalipia hiyo BMW au Range, tafuta kwanza huyo mtu wa kuprogramu, ongea naye, ujue anakaa wapi na anachaji shilingi ngapi.