Pampu ya vakyumu ya pete ya maji: kuifunga, kuiwasha na kutafuta ugonjwa wake kabla hujaifungua

Wakuu, hizi pampu ziko kila mahali, viwanda vya sukari, karatasi, plastiki, matofali ya mashine, mpaka baadhi ya hospitali, na kila mahali zinafunguliwa bure. Vakyumu ikishuka kidogo tu utasikia "pampu imekwisha, fungueni", watu wanapoteza shifti nzima, wanakuta impela (gurudumu la mapanga linalozunguka ndani) iko safi, wanairudishia na gasketi mpya, wanawasha, vakyumu iko palepale. Msimamo wangu ni kwamba mara nyingi pampu ni nzima, mgonjwa ni maji yake au bomba lake. Mifano mingi nitaitoa kwenye kupika sukari maana ndo kazi niliyoizoea, ila wewe wa karatasi au plastiki mambo ni yaleyale.

Inafanyaje kazi, kwa kifupi

Impela haijakaa katikati ya nyumba yake, imesogezwa upande. Ikizunguka maji yanarushwa nje yanatengeneza pete inayofuata ukuta wa nyumba, na kwa kuwa impela iko upande mmoja basi nafasi kati ya panga na panga inapanuka sehemu moja (hapo hewa inavutwa) afu inabanwa sehemu nyingine (hapo hewa inasukumwa nje pamoja na maji kiasi). Kwa hiyo maji ndo pistoni, maji ndo sili, na maji ndo yanabeba joto lote. Lazima mapya yaingie muda wote maana mengine yanaondoka na hewa. Na kitu ambacho wengi wanakiruka: pampu haiwezi kuvuta chini ya presha ambayo maji yake yenyewe yanaanza kuchemka.

Hapo ndo joto linapoingia. Presha ya mvuke wa maji kwenye digrii 15 ni kama milibari 17, digrii 30 ni 42, digrii 40 ni 74. Sasa katalogi nyingi uwezo wa pampu unaandikwa kwa maji ya digrii 15, na sisi maji ya digrii 15 tunayapata wapi? Chukua pampu inayovuta kwenye milibari 100 halisi (yaani ukihesabu kutoka sifuri kabisa, si kutoka hewa ya nje), hewa kavu: ukiipa maji ya digrii 30 inabaki na kama asilimia 70 ya uwezo wake, ukiipa ya digrii 40 inabaki kama asilimia 30. Pampu ileile, mota ileile, umeme uleule. Hiyo ni hesabu ya haraka haraka (presha ya kuvuta toa ya mvuke, gawa kwa presha ya kuvuta toa 17), hewa yenye mvuke mwingi inabadilisha kidogo, ila kwa fundi inatosha.

Hatua ya 1: Msingi na kukaa kwake

Besi ikae kwenye zege iliyokomaa, iwe levo, afu mimina grauti (zege laini la kujaza uwazi chini ya besi). Kabla ya kukaza bolti pima kila mguu kwa fila geji, mguu unaoning'inia weka shimu (kibati chembamba cha kujazia), usiulazimishe kwa spana maana utapinda nyumba na hizi pampu uwazi kati ya impela na sahani yake ya pembeni ni mdogo sana, sehemu za milimita. Ndogo za monobloki (pampu imeungana na mota moja kwa moja), zile za aina ya 2BV na ndugu zake, hazina shida ya kapulingi. Kubwa za aina ya 2BE zenye kapulingi, alaini kwa dayo geji, afu alaini TENA ukishafunga mabomba. Kama ni ya mkanda, puli zote ziwe mstari mmoja na usibadilishe mkanda mmoja ukaacha ya zamani, badilisha seti.

Hatua ya 2: Mabomba

Bomba la kuvutia lisiwe dogo kuliko mdomo wa pampu na liwe na sapoti yake lenyewe. Flenji zikikutana vibaya usizivute kwa bolti, kata bomba urekebishe. Weka valvu ya kuzuia kurudi upande wa kuvuta, la sivyo siku umeme unakatika (na unakatika) maji ya pampu yote yatavutwa kurudi kwenye mfumo, na kwenye pani ya sukari (chombo cha kupikia sukari chini ya vakyumu) hilo ni balaa. Bomba likiwa jipya weka wavu wa muda kwenye mdomo kushika mabaki ya welding, ila uandike mahali kwamba upo na uutoe baada ya siku chache, nimeshaona wavu wa muda umekaa miaka na watu wanalalamika pampu haivuti.

Upande wa kutoa, separeta (tangi la kutenganisha hewa na maji) iwe karibu na bomba lisipande juu zaidi ya kama sentimita 60 kutoka flenji ya kutolea. Likipanda sana maji yanasimama mle ndani, pampu inasukuma mlima wa maji, ampia zinapanda na vakyumu inashuka.

Laini ya maji ya kuhudumia (yale yanayotengeneza pete): chujio, valvu ya kurekebishia, geji ya presha, na kama unaweza kipima mtiririko. Weka na sehemu ya kupima joto la maji yanayoingia na yanayotoka. Wenye kiwanda huwa wanaona geji ni gharama, wabishie, bila hizo utakuwa unaguza guza gizani.

Hatua ya 3: Kuwasha mara ya kwanza

Funga na kufuli umeme kwanza, zungusha shafti kwa mkono, izunguke mzunguko mzima bila kugusa. Jaza maji mpaka usawa wa katikati ya shafti, nyingi zina plagi ya kuonyesha usawa huo, fungua mpaka yatoke afu funga. Usiijaze mpaka juu. Pampu iliyojaa ukiiwasha mota inabeba mzigo wa maji yote kwa mpigo, ovalodi inaruka na ukiwa na bahati mbaya panga linavunjika. Na usiiwashe kavu hata "kidogo tu kuangalia mzunguko", sekunde chache zinatosha kuunguza sili. Mzunguko unaangalia maji yakiwa ndani, gusa stata mara moja uache, tazama mshale kwenye nyumba. Ikizunguka kinyume badilisha fezi mbili.

Afu washa, fungua maji ya huduma palepale, rekebisha presha au mtiririko kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema, afu fungua valvu ya kuvutia taratibu. Shika klampu mita, andika ampia. Andika vakyumu. Andika joto la maji kuingia na kutoka. Namba za siku pampu ikiwa mpya ndo dawa yako ya miaka yote inayokuja, bila hizo hutajua "imeshuka" kutoka wapi.

Kuzima: funga valvu ya kuvutia, funga maji, zima mota, hizo mbili za mwisho zifuatane haraka. Ukisahau maji wazi pampu itajaa na mwenzako wa shifti ijayo atawasha pampu iliyojaa.

Hatua ya 4: Vakyumu haitoshi, unaanzia wapi?

Hapa nitakaa kidogo.

Kabla ya yote jiulize uko mita ngapi kutoka usawa wa bahari. Geji ya kawaida ya vakyumu inapima tofauti na hewa ya nje, na hewa ya nje inapungua ukipanda. Pwani hewa ni kama inchi 29.9 za zebaki. Bonde la Kilombero, mita kama 300, unabaki na karibu 28.9. Chini ya Moshi kwenye mita 700 hivi ni 27.5. Mumias, mita kama 1300, ni 25.6 hivi, na juu huko Mufindi kwenye mita 1800 ni kama 24 tu. Sasa kitabu cha kupikia kimeandikwa "pani iende inchi 26" na aliyekiandika alikuwa pwani. Mtu wa Mumias akidai inchi 26 anadai kitu ambacho hakipo duniani, hata ukimletea pampu mpya kutoka kiwandani. Badilisha lengo liwe presha halisi: pwani inchi 26 inaacha karibu inchi 4, basi na wewe toa 4 kwenye hewa ya kwako, Moshi utapata 23.5 na Mumias 21.6. Nimeona watu wanabishana na pampu miezi wakati ubishi ni wa geji na mlima.

Ukishamaliza hilo, fanya jaribio moja litakalokuokolea shifti: funga valvu ya kuvutia iliyo karibu na pampu kabisa na usome geji iliyo upande wa pampu. Ikipanda vizuri mpaka karibu na mwisho wake, pampu ni nzima na tatizo liko kwenye mfumo, hewa inaingia mahali. Isipopanda, tatizo ni pampu au maji yake. Usikae umeifunga muda mrefu, nusu dakika inatosha maana ikivuta bila hewa inaanza kavitesheni (maji kuchemka ndani na mapovu kula chuma, nitaieleza chini).

Tatizo likiwa kwenye mfumo, tafuta uvujaji sehemu sehemu, funga tawi moja moja uone geji inaruka wapi. Kwenye pani angalia vioo, valvu ya kuvunjia vakyumu, mlango wa kutolea, gland za valvu, gasketi za kondensa. Usiku kukiwa kimya unaweza kuusikia kwa masikio. Na kondensa yenyewe, kama maji yake ni moto au machache, mvuke wote unakuja kwa pampu na pampu haikununuliwa kubeba mvuke ule.

Tatizo likiwa upande wa pampu, bado usiifungue. Pima joto la maji yanayoingia. Kama vakyumu inashuka kila siku saa nane mchana na usiku inarudi yenyewe, hiyo si pampu, pampu haijui saa. Ni bwawa au mnara wa kupozea umeshindwa na jua. Safisha nozeli za mnara, ongeza maji mapya ya kisima, au kama maji ya pampu yanazungushwa palepale fungua kipozeo ukisafishe.

Afu linganisha kuingia na kutoka. Tofauti ya digrii 4 mpaka 8 ni kawaida kwa maji ya kupita mara moja. Ikizidi 10 hivi maji ni machache: chujio limeziba, valvu imefungwa nusu, presha ya laini imeshuka. Na maji mengi mno nayo ni ugonjwa, ampia zinapanda na pampu inanguruma kwa uzito bila vakyumu kuongezeka.

Ukisikia sauti kama kokoto zinatikiswa ndani ya debe, hiyo ni kavitesheni. Maji yanachemka upande wa kuvuta afu mapovu yanapasukia upande wa kubana na yanang'oa chuma kidogo kidogo. Sababu ni maji ya moto au pampu inavuta vakyumu kali kuliko inavyoweza. Poza maji, au ingiza hewa kidogo kupitia valvu ya kulinda kavitesheni, ipo kwenye pampu nyingi na mara nyingi unaikuta imefungwa na mtu aliyedhani inavujisha vakyumu.

Ampia zinapanda polepole wiki kwa wiki na maji ni sawa? Fikiria ukoko wa chokaa. Maji magumu yakipata joto yanaacha ukoko ndani ya nyumba na kwenye matundu ya sahani, mpaka siku impela inagusa. Jaza asidi ya limao hafifu, asilimia 5 mpaka 10, pampu ikiwa imesimama na ukiigeuza shafti kwa mkono mara kwa mara, afu osha kwa maji mengi. Asidi ya chumvi usiiguse, chuma cha pua yenyewe haiipendi na chuma cha kawaida inakila.

Ukishapita yote haya na bado haivuti, sasa fungua. Utakuta mchanga umekula sahani na ncha za impela, au panga limevunjika, au gasketi iliwekwa nene kuliko ya awali na uwazi umekuwa mkubwa.

Hatua ya 5: Matunzo

Kila siku soma geji, ampia, joto, sikiliza beringi. Pakingi ya gland inatakiwa idondoke, tone moja kwa sekunde au hivi, ukiikaza mpaka ikauke unaisaga shafti. Mekanikali sili yenyewe haitakiwi kuvuja. Griisi ya beringi weka kiasi kilichoandikwa, kuijaza mpaka itoke pembeni ni kuipikisha beringi. Chujio la maji kila wiki, na kama maji yanatoka mtoni msimu wa mvua, kila shifti.

Msimu ukiisha wakati wa masika kiwanda kinasimama miezi, na hapo ndo pampu nyingi zinakamatwa na kutu. Mwaga maji yote, jaza maji yaliyochanganywa na mafuta ya kuzuia kutu uizungushe, mwaga, afu mpe mtu mmoja kazi ya kugeuza shafti kwa mkono kila wiki na asaini kwenye karatasi iliyobandikwa pale pale. Ikishika, usiiachie mota iivunje. Weka mafuta ya kulegeza au asidi ya limao usiku mzima, asubuhi jaribu na rinchi ya bomba iliyozungushiwa kitambaa kwenye kapulingi, mbele nyuma mbele nyuma mpaka iachie.