Seva inasema diski imejaa na nafasi ipo: anzia hapa

Wiki jana niliitwa na studio moja ya video hapa Kondele, Kisumu. Harusi ya Jumamosi, kama GB 180, ilikataa kuingia kwenye seva. Kunakili kulianza vizuri, kisha katikati: "No space left on device". Diski ya kuhifadhia ni ya TB 4 na haijafika hata nusu. Kijana wa kuhariri alikuwa tayari anatafuta cha kufuta. Nikamwambia awache kwanza.

Ujumbe huo hausemi uongo. Kuna mahali pamejaa kweli, ila haukwambii ni wapi.

Hatua ya 1: Iulize seva faili zinaangukia wapi

Usitegemee kompyuta unayonakilia kutoka. Ingia kwenye seva yenyewe (hii ya studio ni ya Linux) uandike:

`df -h /srv/video`

Soma safu ya mwisho kulia. Ukiona `/srv/video`, diski kubwa ipo mahali pake, na kwa TB 4 ukubwa utasomeka kama 3.6T. Usishtuke, ni namna tu ya kuhesabu. Ukiona `/` peke yake, umepata mchawi: diski kubwa haijaunganishwa, na faili zinamwagika kwenye diski ndogo ya mfumo.

Ndivyo ilivyokuwa. Stima ilipotea usiku, iliporudi seva ikawaka kabla ya ile diski ya nje. Folda ikabaki na jina lake, lakini chini yake ni diski ya GB 120. Kijana mwenyewe alikuwa amenidokezea bila kujua: "Fundi, hata harusi za zamani hatuzioni siku hizi. Nadhani mzee amezihamisha."

Hatua ya 2: Rekebisha, lakini kwa mpangilio

Ukiunganisha diski sasa hivi, zile faili zilizopotea njia zitafichwa chini yake, na zitaendelea kula nafasi bila kuonekana. Simamisha Samba (`smbd`, programu inayogawa folda za seva kwenye mtandao), kisha zisogeze kando kwanza:

`sudo systemctl stop smbd`
`sudo mv /srv/video /srv/video-kando`
`sudo mkdir /srv/video`
`sudo chattr +i /srv/video`
`sudo mount /srv/video`

(Amri ya mwisho inafanya kazi ikiwa diski imeandikwa kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski ambazo seva huunganisha inapowaka.) Mstari wa nne ndio ninaoupenda. Unaifunga folda tupu isiandikwe chochote, hivyo siku diski isipoungana, kunakili kutagoma papo hapo badala ya kujaza mfumo kimyakimya. Rudia `df`, washa Samba kwa `sudo systemctl start smbd`, hamisha vilivyo kando, na ufute `video-kando` baada tu ya kuhakikisha vyote vimefika.

Hatua ya 3: Kama diski ni sahihi na nafasi ipo

Andika `df -i /srv/video`. Diski ya ext4 (mfumo wa faili wa kawaida kwenye Linux) ina idadi maalum ya faili inazoweza kubeba, iliyopangwa ilipofomatiwa. Ukiona 100% hapo, tatizo ni utitiri wa faili ndogondogo. Zifunge pamoja kwa `tar` au zipunguze.

Ukitumia rsync (programu ya kunakili na kusawazisha faili) kusasisha faili kubwa, kumbuka kwamba inaandika nakala mpya pembeni kabla ya kuondoa ya zamani. Faili ya GB 60 na nafasi ya GB 40 haziendi. `--inplace` inaepusha hilo, ila ikikatika njiani hata ile ya zamani imeharibika. Kwa stima zetu hizi, mimi siitumii bila nakala nyingine.

Umefuta na nafasi hairudi? `sudo lsof +L1` itakuonyesha programu iliyong'ang'ania faili iliyofutwa. Izime na uiwashe tena. Tazama pia folda ya `.recycle` kama Samba yako imewekewa pipa la taka.

Hatua ya 4: Zile asilimia 5

Kwa kawaida ext4 hutenga 5% kwa ajili ya root (msimamizi mkuu wa mfumo, ambaye `sudo` hukupa mamlaka yake), yaani kama GB 200 kwenye TB 4. Kwa diski ya video tu ni nyingi mno:

`sudo tune2fs -m 1 /dev/sdb1`

Hakiki jina la diski kwa `lsblk` kabla ya kubonyeza, na usiiguse diski ya mfumo. Akiba ya diski hiyo ya mfumo ndiyo iliyoniwezesha kufanya kazi pale Kondele huku `/` ikisoma 100%.