Saladi ya Nyanya na Majani ya Kiarmenia, Hatua kwa Hatua

Nilikaa Yerevan, mji mkuu wa Armenia, misimu miwili ya kiangazi. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja aliyekulia bonde la Ararat, na haukupita mchana bila bakuli la nyanya mezani kwake. Siku ya kwanza nilidhani ni kachumbari: nyanya, tango, kitunguu, majani. Nilipotia kijiko kimoja mdomoni nikajua nimekosea. Kilichonifikia kwanza ni majani, kisha utamu wa nyanya, na kitunguu kikaja mwisho kabisa.

Shika jambo hili kabla hujagusa kisu: kwenye saladi hii majani ni mboga kamili, yana haki sawa na nyanya. Sisi tumezoea kunyunyizia giligilani kidogo juu ya chakula ili kipendeze. Ukifanya hivyo hapa utapata kachumbari isiyo na ndimu. Kwa kilo moja ya nyanya mimi naweka viganja vinne vya majani vilivyojaa, na nikiwa na wageni wanaopenda naongeza cha tano.

Mahitaji ya watu wanne

Nyanya zilizoiva kilo 1. Matango madogo 3, yale mafupi yenye ngozi laini. Kitunguu chekundu 1 cha wastani. Pilipili hoho ndefu ya kijani 1, na pilipili kali 1 ukipenda. Majani viganja 4: nusu yake mrehani, robo giligilani (Wakenya mnaiita dania), na robo inayobaki changanya ulichonacho. Chumvi kijiko 1 cha chai. Mafuta ya alizeti vijiko 3 vya chakula. Ndimu na siki viache kabatini kwanza.

Kuhusu hayo majani

Waarmenia wana neno moja, kanachi, kwa majani yote mabichi ya mezani. Soko la GUM pale Yerevan kuna akina mama wanaouza kanachi tu, wameyafunga mafungu na kuyapanga kama kitambaa kinachoanikwa, na kila baada ya muda wanayanyunyizia maji kwa mkono. Utakuta hamem, ambayo ni giligilani. Utakuta samit (dill kwa Kiingereza), yenye majani membamba kama nyuzi, na maghadanos (parsley), jamaa ya giligilani mwenye harufu ya upole. Kuna tarkhun (tarragon), jani refu jembamba lenye ladha inayokaribia anisi. Na kuna rehan, majani ya zambarau iliyokolea.

Niliposikia jina hilo la mwisho nilisimama. Bibi yangu mzaa mama, Pangani, alikuwa na kichaka cha mrehani nyuma ya nyumba, akiuchuma pamoja na asumini kutengenezea vikuba vya harusi. Rehan ya Yerevan na mrehani wa pwani yetu ni mmea wa ukoo mmoja, na majina yote mawili yanarudi kwenye raihani ya Kiarabu. Sisi tukaufanya wa kujifukiza na kuvaa, wao wakauweka kwenye sahani. Wa kwao ni wa zambarau na una ukali kidogo, lakini mrehani wa kijani unafaa kabisa. Usichukue kivumbasi ukidhani ni huohuo. Ni ndugu yake kweli, ila harufu yake ni ya kufukuzia mbu, na majani mawili tu yataharibu bakuli zima.

Tarkhun ukiikosa iache. Samit na maghadanos hupatikana kwa wauza mboga wa mijini wanaohudumia hoteli. Usipozipata, mrehani, giligilani na majani machache ya nanaa vinatosha.

Kuchagua nyanya

Bonde la Ararat liko kati ya mita 800 na 1,000 juu ya usawa wa bahari, limezungukwa na milima, na kiangazi jua lake huchoma kupita nyuzi 35. Nyanya za huko zinaivia kwenye mmea hadi zinapasuka karibu na kikonyo. Ukiishika unaona inalemea kuliko ukubwa wake, na ukiinusa pale kwenye kikonyo unapata harufu ya jani la mnyanya. Harufu hiyo ndiyo kipimo chako popote ulipo. Nyanya isiyonukia chochote hainogi, hata iwe nyekundu namna gani.

Sokoni kwetu nyanya nyingi zinazosafiri kwenye matenga ni zile ndefu za ngozi ngumu. Zinafaa sana kwa mchuzi. Kwa saladi hii tafuta za duara, hasa zenye mikunjo, na mwambie muuzaji unazitaka za kula leo. Ukipata ngumu tu, zipange mezani zimelalia upande wa kikonyo, siku tatu au nne, zisigusane. Usizitie kwenye friji hata kidogo. Chini ya nyuzi 12 hivi nyanya huacha kutengeneza harufu yake, na ladha ikishapotea namna hiyo hairudi yote.

Hatua ya 1: Osha majani kabla ya kitu kingine

Yatie kwenye beseni la maji baridi, yatikise kwa mkono, subiri dakika mbili mchanga utue. Kisha yanyanyue majani na kuyatoa. Usimwage maji yakiwa bado ndani, maana mchanga wote utarudi juu yake. Rudia mpaka maji yabaki safi. Yatandaze kwenye kitambaa kikavu, kunja kitambaa, pangusa taratibu. Majani yenye maji hayashiki mafuta, na yanapooza saladi nzima. Hatua hii watu wengi wanairuka, na ndiyo inayonichukua muda mrefu kuliko zote.

Hatua ya 2: Kitunguu

Kata nusu duara nyembamba uwezavyo. Kwenye kachumbari tunakifikicha kwa chumvi na kukiosha, hapa usikifikiche. Kikiwa kikali sana kilowe kwenye maji baridi dakika kumi, kisha kikaushe. Tunakitaka kibaki kimekakamaa.

Hatua ya 3: Nyanya

Yule bibi hakutumia ubao. Alishika nyanya kwa mkono wa kushoto juu ya bakuli, kisu kidogo mkono wa kulia, akazungusha ncha na kutoa kile kiini kigumu cha kikonyo, kisha akakata vipande vikubwa vilivyodondoka vyenyewe ndani. Kila tone la maji lilianguka bakulini. Mimi naogopa kukata kidole gumba, kwa hiyo nakatia kwenye sahani yenye kina, halafu namimina yote.

Vipande viwe vikubwa, mtu akitia kimoja mdomoni kimjaze. Nyanya moja kubwa itoe vipande nane hadi kumi. Usizitupe mbegu wala ute wake. Uchachu na sehemu kubwa ya ladha ya nyanya vimo kwenye ute huo, na bila huo unakula maganda yenye rangi.

Hatua ya 4: Tango na pilipili

Menya tango mistari mistari, uache ngozi kidogo ya kukupa mkwaruzo wa jino. Lipasue kwa urefu, kata nusu duara nene kama penseli. Hoho kata pete nyembamba. Tango la kwetu lililokomaa sana lina mbegu ngumu katikati; kwangua hizo kwa kijiko.

Hatua ya 5: Majani yanaingia

Mrehani rarua kwa vidole, jani kubwa vipande viwili au vitatu, madogo yaache mazima. Kisu butu kinauponda, nao unageuka mweusi pembeni ndani ya dakika chache. Giligilani na mengine kata mara moja moja kwa kisu kikali, pamoja na vishina laini. Yakikatwakatwa hadi kuwa unga yanaganda kwenye nyanya, na huwezi tena kuitambua ladha ya kila moja.

Yarundike juu. Bakuli lionekane la kijani kuliko jekundu. Hapo ndipo ujue kipimo kimefika.

Hatua ya 6: Chumvi mwisho, watu wakiwa wameshakaa

Chumvi inavuta maji kutoka kwenye nyanya na tango. Ndani ya dakika tano inatoa supu nzuri yenye ladha. Ndani ya saa moja inaacha vipande vilivyonywea vikielea. Mara ya kwanza nilipowaandalia wageni saladi hii niliitia chumvi mapema ili nipate nafasi ya kuhudumia wali. Nilipoifunua, majani yalikuwa yamelala, nyanya zimekuwa kama zilizochemshwa, na nilishindwa kuiokoa.

Kwa hiyo: watu wakae, chumvi inyunyizwe kutoka juu ili ienee, yafuate mafuta, kisha geuza kwa mikono miwili mara tatu au nne, ukianzia chini. Subiri dakika tano. Onja ile supu ya chini, usionje kipande. Ikiwa bapa, nyanya zako hazikuwa na uchachu wa kutosha. Hapo ndipo unaruhusiwa kukamua nusu ndimu.

Mafuta yawe ya alizeti, na yasiwe yale yaliyosafishwa mpaka hayana harufu. Huko wanapenda ya kukamuliwa tu, yanayonukia mbegu zilizokaangwa. Singida na Dodoma tunayakamua mafuta ya namna hiyohiyo, yanauzwa kwenye chupa barabarani. Yanuse kwanza, yasiwe yameoza.

Kula kwake

Mezani huwekwa lavash, mkate mwembamba mpana unaobandikwa kwenye ukuta wa tonir, na tonir ni ndugu wa neno letu tanuri. UNESCO iliuingiza mkate huo na uandaaji wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Unararua kipande, unakunja, unachota nyanya na majani pamoja, na kando kuna jibini nyeupe yenye chumvi. Vipande vikiisha, supu iliyobaki bakulini inachovywa kwa mkate. Kwa yule bibi, sehemu hiyo iligombewa. Kama huna lavash, chapati nyembamba isiyo na mafuta mengi inafanya kazi hiyo vizuri.

Ukiwa umewasha mkaa

Waarmenia wakichoma nyama, khorovats, mboga nazo huchomwa kwenye vyuma, na hizo hutoa saladi ya pili. Chukua biringanya 3, hoho 3 na nyanya 5. Biringanya litoboe kwa uma lisije likapasuka. Choma vyote vizima, bila kumenya, juu ya makaa yaliyotulia. Biringanya lichomwe mpaka lilegee na ngozi iwe nyeusi pande zote. Dakika 20 hadi 25. Hoho nusu ya muda huo. Nyanya ni za mwisho, dakika tano au sita tu, ngozi ikianza kupasuka ziondoe.

Vitie vyote kwenye sufuria, funika dakika kumi. Mvuke utalegeza ngozi. Menya kwa vidole, na usioshe kwenye bomba hata kama mikono imekuwa myeusi, maana utaosha moshi wote ulioutafuta. Acha biringanya lichuruzike kwenye chujio, katakata vyote vipande vikubwa, ongeza kitunguu kibichi, punje 2 za kitunguu saumu zilizopondwa, chumvi, na viganja viwili vya mrehani na giligilani. Hii, tofauti na ile ya kwanza, inavumilia kusubiri. Kesho yake kwenye friji inakuwa tamu zaidi.

Ile ya nyanya mbichi haifiki kesho. Ikibaki, chuja supu uinywe, mimina vipande kwenye kikaango chenye mafuta ya moto, acha maji yakauke, kisha vunjia mayai manne na ukoroge. Kule ni kifungua kinywa cha kawaida cha kiangazi, nacho pia kinaliwa na mkate na majani mabichi pembeni.